Kovu dogo, ini lililokatwa

Niliinua shati mbele ya watu zaidi ya 30. Ilikuwa Mei 2022, mbalamwezi imekuwa kubwa na mitumbwi imepumzika, kwa hiyo kikoba chetu cha wauza dagaa wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilikutana kama kawaida yake. Nilikuwa nimerudi Kigoma kutoka India, siku 12 zimepita.

Hakuna aliyenilazimisha. Ila maneno nilikuwa nimeshayasikia. Kikoba kilinikopesha milioni 6, ndugu na majirani wakachanga, shemeji yangu aliyeko Mwanza akauza kiwanja chake. Niliwaaga watu nikienda kukatwa ini kwa sababu ya saratani. Wengine waliniaga kama maiti, wakinishika mkono bila kuuachia. Halafu nikarudi natembea kwa miguu yangu, nimekonda kidogo, nasalimia. Watu walitegemea kuona bandeji toka kifuani mpaka chini ya kitovu. Walichoona ni vialama vitano vilivyoanza kukauka, kikubwa kati yake hakizidi upana wa kucha ya kidole gumba.

"Ndo hivi tu?" aliuliza mzee mmoja aliyekaa mbele. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyechangia 50,000 kutoka kwenye mfuko usiokuwa na kitu.

Nitaeleza nilivyomjibu, lakini lazima nianzie nyuma.

Mwaka 2009 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa tatu kwa upasuaji. Alipoteza damu nyingi, ndugu tukaambiwa tutoe. Nilitoa. Baadaye nikaitwa dirishani, mhudumu akanipa kikaratasi na kuniambia, "Damu yako haifai." Nilihisi miguu inakufa ganzi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni UKIMWI. Akasema, "Siyo UKIMWI, ni homa ya ini," akamwita mtu mwingine. Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Hakunieleza ni homa gani, nikaangaliwe wapi, wala kama mke na watoto wapimwe.

Kosa la mhudumu yule silifichi, lakini langu pia silifichi. Nilikuwa nimeogopa UKIMWI mno kiasi kwamba niliposikia siyo, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa ni mzima. Homa ya ini niliisikia kama malaria, kitu kinachokuja na kuondoka. Nikakunja kile kikaratasi, nikakiweka kwenye bahasha ya vyeti pamoja na leseni ya biashara na cheti cha ndoa. Kilikaa humo miaka 11. Kila nilipofungua bahasha kutafuta leseni nilikiona, nikakirudisha.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekitoa kwenye bahasha, naye alikuwa keshafariki.

Alianza kulalamika mwaka 2020 kwamba chakula kidogo kinamshibisha. Kisha maumivu chini ya mbavu za kulia. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa mitishamba Kasulu, akakaa huko wiki tatu akinywa dawa za kusafisha ini. Alirudi tumbo limejaa maji, macho ya njano, mikono imebaki mifupa. Altrasaundi ilionyesha uvimbe umeenea pande zote za ini. Daktari alituita wanaume nje akasema hakuna cha kukata. Kaka aliishi wiki saba kutoka siku ile.

Baada ya mazishi nilirudi hospitali kumalizia malipo, na daktari yule akaniuliza swali ambalo sikulielewa: "Mama yenu bado yupo? Mpo wangapi tumbo moja?" Nikamwambia tulikuwa sita, sasa watano. Akavuta kiti. Alinieleza kwamba kaka alikuwa na kirusi cha homa ya ini B, na kwamba kirusi hicho mara nyingi mtoto hukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa ndugu zake akiwa mdogo. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukifukuza wenyewe. Lakini kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, 9 hubaki nacho maisha yao yote. Kinakaa kwenye ini miaka 30, 40, mtu anaoa, anavua, anabeba magunia, hajui. Na kwa baadhi yao mwisho wake ni ini kujaa makovu, au saratani.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikafungua bahasha.

Tulipimwa wote. Mimi ninacho, dada yangu anayenifuata anacho, wengine watatu hawana. Mke wangu hana, nikakaa chini nikalia. Watoto wangu hawana. Yule wa 2009 alikuwa na chanjo zote kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto nchini mwaka 2002, wanachomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo, pamoja na mama yao, niliwapeleka wakachanjwa sindano tatu ndani ya miezi sita.

Aliyebaki ni mama, ana miaka 70 na kitu. Alikataa kupimwa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, akaonekana anacho. Nesi alimweleza vizuri, kwa upole, kwa Kiha, na nilidhani ameelewa na yamekwisha. Usiku nikamkuta amekaa jikoni gizani, moto umezimika. Akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyemuua mwanangu."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikaa naye. Nilimwambia kwamba alipomzaa kaka hapakuwa na chanjo hiyo popote duniani, na kwamba hata yeye inawezekana alipewa na mama yake, ambaye naye hakujua. Nilimwambia kirusi si dhambi. Sijui ni lipi kati ya hayo lililoingia. Nasema hili kwa sababu watu wanaandika kuhusu kupima familia kana kwamba ni jambo la sindano na karatasi tu. Ukimpima mzazi, jiandae kukaa naye jikoni usiku.

Mimi nilianzishiwa tenofovir, dawa ya kukidhibiti kirusi, kidonge kimoja kila siku, na nikaambiwa altrasaundi kila baada ya miezi sita pamoja na kipimo cha damu kinachoitwa AFP, cha kutafuta dalili za saratani ya ini. Mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa Desemba 2021. Mtaalamu alikuwa akiniuliza bei ya migebuka huku akisogeza kile chombo chini ya kifua changu, nikawa namjibu. Katikati ya jibu langu akanyamaza. Akarudisha chombo palepale. Akakisimamisha, akabonyeza, akapima, akabonyeza tena. Nilikuwa nimekaa na kaka wakati wa kipimo chake, kwa hiyo kimya kile nilikifahamu.

Sentimita 3 na nukta 1, upande wa kushoto wa ini. Sikuwa na maumivu yoyote, na jana yake nilikuwa nimebeba magunia.

Nilipelekwa Mwanza kwa kipimo cha CT. Basi la Kigoma linapita Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, halafu mnasubiri kivuko Busisi. Siku zile nguzo za daraja zilikuwa zimesimama majini na bado halijaunganishwa. Nilishuka kwenye basi nikakaa ukingoni nikiziangalia, nikijiuliza kama nitakuja kupita juu yake.

Daktari wa Mwanza alinionyesha picha kwenye kompyuta. Alinieleza kwamba ini linapokea damu kwa njia mbili. Sehemu kubwa inakuja na mshipa unaotoka kwenye utumbo, na inayobaki inaletwa na ateri. Uvimbe wa saratani ya ini hunywa zaidi kutoka kwenye ateri. Ndiyo maana wanakuchoma dawa ya rangi na kupiga picha kwa awamu: mwanzoni uvimbe unawaka kuliko ini lenyewe, baadaye ini linawaka na uvimbe unafifia. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini kama wangu, sura hiyo inawatosha kusema ni saratani bila kuchoma sindano kuchukua kipande kidogo cha nyama ya ini. Nilitazama ule uvimbe ukiwaka kisha ukifa kwenye picha, mdogo kama njugu mawe.

Halafu tukazungumza nini kifanyike. Hapa nakwenda taratibu, maana ndipo watu wengi wananiuliza.

Ini limegawanyika vipande 8, kila kimoja kina mishipa yake. Uvimbe wangu ulikuwa kati ya kipande cha 2 na cha 3, ukingoni kabisa kushoto, mbali na mishipa mikubwa. Sehemu iliyobaki ilikuwa inafanya kazi vizuri, ingawa ilishaanza makovu. Kwa hiyo kukata kuliwezekana. Kama uvimbe ungekuwa katikati, au ini langu lingekuwa limechoka kama la kaka, lenye maji tumboni na macho ya njano, wasingethubutu, kwa njia yoyote ile. Upo pia utaratibu wa kuuchoma uvimbe mdogo kwa sindano ya joto, tukaujadili. Kwa ukubwa na mahali ulipokuwa, akaona kuukata ni bora.

Njia ya zamani ni kukata tumbo chini ya mbavu, mkato mrefu unaopita misuli. Njia nyingine ni upasuaji wa matundu madogo. Nilidhani tofauti ni urembo wa kovu tu, nikamwambia mimi ni mwanaume wa ziwani, kovu halinisumbui. Akatikisa kichwa. Alisema mtu mwenye makovu kwenye ini akifunguliwa tumbo lote, mara nyingi baadaye tumbo hujaa maji na ini huyumba, kwa sababu mkato mrefu unakata pia vijishipa ambavyo mwili umejitengenezea kwenye ukuta wa tumbo ili kupitisha damu iliyokwama. Matundu huviacha. Na damu inayopotea huwa ndogo. Kwa uvimbe wa upande ule wa kushoto, alisema, madaktari waliozoea huanza kuifikiria njia hiyo kwanza. Alisisitiza hilo neno, waliozoea. Akaniandikia barua kwa madaktari wa Chennai, India, ambao kazi yao ni ini peke yake.

Milioni 28 kwa watu wawili, nauli, malazi, vipimo na upasuaji. Nilisafiri na mpwa wangu anayesomea uuguzi. Aprili 2022 tulikuwa Chennai, joto ambalo hata sisi wa ziwani hatulijui.

Usiku wa kuamkia upasuaji walinipa fomu. Mpwa alinitafsiria mstari kwa mstari, na mmoja ulisema wakishindwa kwa matundu watafungua tumbo. Nilimuuliza daktari kama hiyo ina maana ameshindwa kazi. Akajibu kwamba ni kinyume chake: anayeng'ang'ania matundu huku damu inamwagika ndiye anayeshindwa kazi. Niliweka sahihi. Nilimwamini zaidi baada ya jibu lile.

Yaliyotokea nikiwa usingizini niliyajua baadaye, kwa picha na kwa maelezo ya mpwa. Walitoboa tundu la kwanza karibu na kitovu, wakajaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wa tumbo uinuke kama hema na wapate nafasi ya kufanya kazi. Wakaingiza kamera, na vifaa vyembamba kwa matundu mengine manne. Wakaweka kichombo cha altrasaundi juu ya ini lenyewe, huko huko ndani, kuhakikisha mpaka wa uvimbe na kwamba hakuna mwingine uliojificha. Kisha wakakata polepole kwa chombo kinachotetema, kinachovunja nyama ya ini na kuiacha mishipa imesimama wazi kama mizizi iliyooshwa na mvua, kila mshipa wakaubana kwa klipu ndipo wakaukata. Kwenye ini inapita kama lita moja na nusu ya damu kila dakika. Dumu la lita 5 la mawese, lile la sokoni, lingejaa ndani ya dakika tatu na ushee. Ndiyo maana daktari wa usingizi naye anakuwa kazini muda wote, anashusha shinikizo la damu kwenye mishipa ya ndani ili ini lisivuje sana. Upasuaji wa kwanza wa kibofu cha nyongo kwa njia hii ulifanyika Ujerumani mwaka 1985. Ini lilisubiri mpaka miaka ya 1990, na ni kwa sababu hiyo hiyo ya damu.

Na kipande kilichokatwa kinatokaje kwenye tundu la sentimita moja? Hakitoki. Wanakitia kwenye mfuko humo humo tumboni, wanaufunga, kisha wanakata mkato mwingine chini kabisa, juu ya kinena, kama sentimita 6, na kuuvuta mfuko mzima. Hawakisagi, kwa sababu lazima maabara wakione kizima wapime kama ukingo ni safi, na kwa sababu hawataki chembe hata moja ya saratani iguse tumbo. Huo ndio mkato ambao kikoba hawakuuona, maana sikuweza kushusha suruali mbele ya akina mama.

Nilipoamka kilichouma zaidi hakikuwa tumbo. Lilikuwa bega la kulia. Nilidhani nimelala vibaya mezani, au wamenivunja kitu. Nesi akanieleza ni gesi iliyobaki, inausumbua ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu inapeleka maumivu begani. Siku ya pili wakanisimamisha. Siku ya pili! Nilitembea korido nzima nimemshika mpwa, nikalia tena, safari hii kwa kumkumbuka kaka. Siku ya sita niliruhusiwa. Majibu ya maabara yalisema ni saratani iliyoanzia kwenye ini, ukingo safi.

Sasa nirudi kwa mzee na swali lake.

Nilipoona vile vialama havinitetei, nikatoa simu. Daktari alikuwa amempa mpwa picha ya kile kipande kikiwa kwenye bakuli la chuma. Nikampa mzee. Kilikuwa kipana kama kiganja changu, chekundu cha kuiva, na mahali kilipopasuliwa palionekana donge la rangi ya maziwa yaliyoganda. Simu ikapita mkono kwa mkono. Ukimya ulikuwa mkubwa, nikasikia watoto wakicheza ufukweni.

Mama mmoja aliyezeeka kwenye kazi ya kupasua samaki aliishika simu muda mrefu kuliko wote. Ameshapasua migebuka na kuhe miaka mingi kuliko umri wangu. Akainua kichwa akamwambia mzee, "Baba, hiki ni ini. Ini haliguswi ovyo, ni damu tupu, na nyongo ipo hapo pembeni. Mimi nikikosea kisu kwa samaki, nyongo ikapasuka, naharibu chakula cha watu. Huyu wamemkata akiwa hai, kwa tundu kama hili, na nyongo haikupasuka." Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Sikuwahi kusikia daktari akieleza vizuri zaidi ya pale. Mzee akaja akanishika bega, lile lile lililokuwa likiniuma.

Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyedanganywa na makovu yale kuliko kikoba.

Niliambiwa Chennai nisiinue kitu kizito kwa wiki 8. Wiki ya tano mbalamwezi iliisha, giza la kuvulia likaanza, dagaa wakawa wengi, vijana wachache, na mnunuzi wa Tabora ana gari linasubiri. Nilijiangalia tumbo, nikaona vialama vimekauka. Sikuwa na maumivu. Nikainua gunia moja. Halikuwa hata jipya la kujaa. Nilisikia kitu kinavutika chini, juu ya kinena, na nilipofika nyumbani suruali ilikuwa imelowa. Pembe ya ule mkato wa chini ilikuwa imefunguka. Hospitali waliniambia nina bahati misuli haikuachia, ingekuwa ngiri. Nilifungwa na kusafishwa kidonda wiki mbili na nusu.

Aliyenisafisha ni mke wangu, jioni baada ya kuoga. Siku ya kwanza alipofunua bandeji alitulia, kisha akaniambia nisogee karibu na taa. Akaweka kidole juu ya kovu langu, halafu akanionyesha lake, la 2009, la siku ile niliyotoa damu ikakataliwa. Yako mahali pamoja, chini ya tumbo, yamelala hivyo hivyo. Hatukusema kitu. Aliendelea kusafisha.

Basi anayeuliza kuhusu matundu namwambia hivi: ngozi ndiyo iliyotobolewa kidogo, ini limekatwa sawasawa na la mtu aliyefunguliwa tumbo lote. Mwili unahesabu kilichokatwa ndani. Chukua wiki zote ulizopewa, na uwaambie wanaokutegemea kabla hujasafiri, maana ukirudi unatembea hawatakuonea huruma na wewe mwenyewe hutajionea.

Kuna jingine ambalo nimelipigania nyumbani kwangu kuliko vidonge. Karanga. Sisi tunapika kisamvu kwa karanga, na desturi ya akina mama ni kuchambua: nzuri za kuuza, zilizosinyaa na zenye ukungu zinatwangwa kwa mboga ya nyumbani, kwa sababu zikishatwangwa hazionekani. Ukungu ule unatoa sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Sumukuvu peke yake inaleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini B hatari inazidishwa mara nyingi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, ile ya ghafla. Ya polepole haina msiba wa pamoja, inaua mtu mmoja mmoja, miaka mingi baadaye, na hakuna anayekumbuka karanga. Kigoma mvua zetu ni ndefu, mahindi yanavunwa na unyevu, yanarundikwa sakafuni. Nyumbani kwangu sasa yanaanikwa juu ya turubai, yanawekwa juu ya chaga, na karanga mbovu zinafukiwa shimoni. Hata kuku hawapewi.

Na sahani. Nilipotangaza nina homa ya ini B, kuna ndugu waliacha kula na mimi. Kirusi hiki kinapita kwa damu na kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto. Hakipiti kwa ugali. Wembe na mswaki ni vyangu peke yangu, sinia ni la wote. Dada yangu, ambaye naye anacho, alikula peke yake miezi mitatu kabla sijajua. Nilipojua nilisafiri mpaka kwake Uvinza, nikakaa, nikamwambia mumewe anawe, tukala watatu kwenye sinia moja.

Ini langu limeota tena na kujaza nafasi, picha zinaonyesha. Lakini sijaambiwa nimepona, na sitaki mtu anitangaze hivyo kanisani. Kwa saratani hii zaidi ya nusu ya waliokatwa hurudiwa ndani ya miaka 5, kwa sababu uvimbe umeondoka na ini lenye makovu na kirusi limebaki. Vidonge nameza kila siku. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa napimwa kila miezi mitatu, sasa ni sita. Kila nikilala kwenye kile kitanda namwambia mtaalamu azungumze na mimi mfululizo, asinyamaze. Amezoea. Anazungumza hata anapopima.

Watu 19 wa kikoba wameshapimwa. Wanne wanacho, na wote wanne wanafuatiliwa. Mmoja ni yule mzee wa swali.

Daraja la Busisi limekamilika mwaka 2025, na safari yangu inayofuata ya Mwanza nitapita juu yake. Kabla ya hapo nina altrasaundi hapa Kigoma, Jumanne, na mama ameomba twende wote kwa sababu zamu yake imefika pia. Jana jioni nilimkuta mlangoni na ungo wa karanga mapajani. Alikuwa akizishika moja moja, akiziinua kwenye mwanga. Zile mbovu alizitia kwenye kopo lenye mfuniko, akanipa nikafukie, akaniuliza tutoke saa ngapi.